Msumeno Mwembamba na Herufi za Mbao

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima. Msomaji: Afisa Elimu.

Mabibi na mabwana mlioketi katika darasa la Chonyonyo, nanyi wengine wa Karagwe na Kyerwa mnaotusikiliza, karibuni. Mwalimu wa darasa, tafadhali uwe na chaki mkononi. Wanafunzi wawe na daftari, kalamu na rula. Leo rula itafanya kazi zaidi kuliko kalamu.

Somo letu ni juu ya msumeno wa kukatia michoro katika ubao. Sisemi msumeno mkubwa wa kupasulia magogo, wala ule wa kukatia mbao za paa. Nasema msumeno mwembamba unaoweza kupinda na kuzunguka, ukakata ua, ndege au herufi. Kazi hii mtu huifanya jioni, akiisha kutoka shambani, kwa kujifurahisha na kuipamba nyumba yake. Sisi tutaitumia kwa jambo moja hasa, nalo ni kukata herufi za mbao ambazo darasa litajifunzia kusoma.

Kazi ya namna hii si ngeni katika nchi yetu. Mtu akishuka bandarini Zanzibar, huliona mbele yake jengo moja la ghorofa lenye roshani za mbao zilizotobolewa na kukatwa hata zikafanana na lasi ya nguo. Tajiri mmoja, Tharia Topan, aliweka jiwe lake la msingi mwaka 1887, na jengo likamalizika mwaka 1894. Baadaye likawa zahanati. Mbao zile zimepigwa na upepo wa chumvi kwa zaidi ya miaka 100, na watu husimama wakazitazama hata leo.

Haya, turudi Chonyonyo. Mwalimu, andika jina hilo ubaoni kwa herufi kubwa: CHONYONYO. Wanafunzi, lihesabuni. Herufi ni 9. Lakini zilizo mbalimbali ni 5 tu: C, H, O, N na Y. O zipo 3, N zipo 2, Y zipo 2. Andikeni hesabu hiyo, maana itatusaidia kupunguza kazi.

(Kimya kidogo. Wanafunzi waandike.)

Sasa zitazameni herufi zenyewe kwa jicho la fundi. H, N na Y ni mistari iliyonyoka. C imepinda. O imepinda, na tena ina tundu katikati. Tundu hilo ndilo linalotenganisha msumeno wetu na misumeno mingine mingi. Utawezaje kukata katikati ya ubao bila kuupasua ukingo? Msumeno wa kawaida hauwezi. Huu wetu waweza, kwa sababu bledi yake hufunguliwa upande mmoja, ikapenyezwa katika tundu dogo lililotobolewa kwa keekee, kisha ikafungwa tena. Katika herufi kubwa tunazoziandika kwa Kiswahili, zenye tundu ni A, B, D, O, P na R. Na B ina mawili. Mtu asiyeijua kazi hii huiogopa sana B.

Msumeno huu una sehemu tatu. Kwanza ni fremu ya chuma yenye umbo la herufi U. Pili ni mpini. Tatu ni bledi, yaani ule utepe mwembamba wa chuma wenye meno, unaonyoshwa kati ya ncha mbili za fremu. Fremu utainunua mara moja, nayo yaweza kurithiwa na mwanao. Mpini ukivunjika utachonga mwingine. Bledi ndiyo inayokata, ndiyo inayochakaa, ndiyo inayovunjika, na ndiyo watu wanayoinunua bila kuitazama. Mimi naona mambo yamegeuzwa hapo. Mtu huchagua fremu kwa muda wa saa nzima, akaigonga, akaipima uzito, kisha bledi akachukua yoyote atakayopewa.

Kuna bledi za namna mbili kwa jinsi ya kufungwa. Nyingine zina kijiti kidogo cha chuma kila mwisho, nacho hukaa katika mwanya wa fremu. Hizi hufungwa upesi, lakini kijiti hakipiti katika tundu dogo. Yapasa utoboe tundu la kadiri ya milimita 5, nalo katika mapambo madogo laweza kuharibu mchoro. Nyingine hazina kijiti. Hizo hubanwa kwa skrubu, nazo hupita katika tundu jembamba sana. Kabla ya kununua, itazame fremu yako ina mwanya au ina skrubu. Namna moja haikai katika fremu ya nyingine, na bledi zilizokwisha kutolewa katika pakiti ni vigumu kurudishwa dukani.

Sasa tusome pakiti. Hapa ndipo kisomo kinapoleta fedha mfukoni, au kinapoziacha zikapotea. Bledi zisizo na kijiti huuzwa kwa namba. Namba 1 na 2 ni nyembamba. Namba 5 ni ya kati. Namba 7 na 9 ni pana, zenye meno makubwa. Kwa hiyo namba ikipanda, bledi huwa nene. Hilo ni rahisi. Lakini ziko bledi nyembamba kuliko namba 0, nazo huandikwa hivi: 2/0. Mwalimu, iandike ubaoni. Hii si ishirini. Wala si hesabu ya kugawanya. Maana yake ni sifuri mbili. Na 3/0 ni sifuri tatu, nyembamba zaidi tena. Mtu akiitaja 2/0 dukani kwa jina la "ishirini", muuzaji asiyejua kazi atampa bledi nene kuliko zote alizo nazo, naye atakwenda nayo nyumbani na kuupasua ubao wake. Herufi alizijua, hakuujua mstari ule mmoja uliolala kati ya 2 na 0.

Hata hivyo msiitegemee namba peke yake, kwa maana viwanda havilingani sawasawa. Ipimeni bledi wenyewe. Ilazeni juu ya rula, mhesabu meno yaliyomo katika inchi 1. Sheria ya mafundi ni hii: wakati wote wa kukata, yasipungue meno 3 ndani ya unene wa ubao. Yakiwa 3 au zaidi, msumeno huenda taratibu. Likiwa moja tu, jino hilo huushika ubao, huurusha juu, na bledi hukatika.

Tufanye hesabu pamoja. Inchi 1 ni kadiri ya milimita 25. Bledi yenye meno 15 katika inchi, na hizo ndizo za kawaida katika misumeno ya mkono, ina jino moja kila milimita 1.7 hivi. Ubao wenu ni plaiwudi ya milimita 3. Je, ndani yake yataingia meno mangapi? Hayafiki 2. Kwa hiyo bledi hiyo haifai kwa ubao huo. Lakini tukiwa na ubao wa milimita 6, yataingia meno 3 na zaidi kidogo. Hapo inafaa.

Basi mwenye plaiwudi ya milimita 3 na bledi ya meno 15 afanye nini? Anunue bledi nyingine? Hapana. Rudini kwenye hesabu ya CHONYONYO. Tulisema N zipo 2 na Y zipo 2. Chukueni vipande 2 vya plaiwudi, mviweke kimoja juu ya kingine, mvifunge kwa selotepu kuzunguka ukingo, mchore N juu yake, mkate vyote pamoja. Unene umekuwa milimita 6, meno yametosha, na N zenu mbili zimetoka sawasawa kama mapacha. O zipo 3. Wekeni vipande 3. Nadhani hakuna njia nzuri kuliko hiyo ya kumfundisha mtu kwamba hesabu ni chombo cha kazi.

Bado tuna swali la upande wa meno. Shikeni bledi mkononi, mpitishe kidole polepole, kwa uangalifu. Upande mmoja kinateleza, upande wa pili kinakwaruzwa. Ndiyo kusema meno yameinama. Ubao wetu utalala juu ya meza, na mpini wa msumeno utakuwa chini yake. Meno na yaelekee chini, kwenye mpini. Hivyo msumeno hukata unapovutwa chini. Kuna sababu. Ukivuta, bledi hunyoka, na ubao hugandamizwa juu ya meza. Meno yakielekea juu, utakata ukisukuma, bledi itajikunja, nao ubao utarukaruka. Bledi nyingi huvunjika kwa kosa hili, na lawama hupewa kiwanda.

Kisha ikazeni. Bledi iliyolegea hupotea njia, na kuvunjika kwake ni upesi kuliko iliyokazwa. Ikazeni, halafu muipige kwa ukucha. Ikilia "twii" kwa sauti nyembamba, kama uzi wa enanga uliokwisha kulinganishwa, basi imefaa. Ikilia "bwu", kazeni tena.

Meza yenyewe inahitaji kitu kimoja. Tafuteni kipande cha ubao mnene, upana kama inchi 6 na urefu kama futi 1. Mwisho wake kateni mwanya wenye umbo la herufi V. Kifungeni mezani kwa kibano, ile V ikitokeza nje ya meza. Kazi yenu italala juu ya V, na msumeno utapita katikati yake. Hivyo ubao unashikwa pande zote mbili, karibu kabisa na mahali panapokatwa. Fundi huketi kwenye kigoda kifupi, msumeno ukiwa umesimama wima, akiupandisha na kuushusha. Anayeegemeza msumeno upande hupata herufi pana juu na nyembamba chini.

Msisukume mbele. Jambo hili ni gumu kwa mtu aliyezoea jembe na panga, ambako nguvu ndiyo kazi. Huku mkono wa kulia hupanda na kushuka tu, na mkono wa kushoto huuleta ubao polepole kwenye meno. Pakifika pembe, kama ile ya ndani ya H, endeleeni kupandisha na kushusha bila kwenda mbele, huku mkigeuza ubao kidogo kidogo mpaka bledi ipate nafasi ya kuelekea upande mwingine. Au rudisheni msumeno nyuma kwa njia ile ile, mwingie kwa upande wa pili mpaka mkutane penye pembe. Hii ya pili ni salama kwa anayeanza. Na bledi nyingi zina tabia ya kuvuta upande mmoja kidogo. Msishindane nayo, geuzeni ubao kidogo kufuata tabia yake.

Sasa niseme habari ya msumeno wa umeme, maana najua wengi wenu mmekuwa mkiungojea. Mashine hii ina meza ndogo ya chuma na mikono miwili, mmoja juu na mmoja chini, inayopandisha na kushusha bledi mamia ya mara kwa dakika. Bledi zake zina urefu wa inchi 5. Haitumii umeme mwingi. Nyingi ni kadiri ya wati 100, karibu sawa na taa moja ya zamani ya glopu. Ni mashine nzuri. Inaacha mikono yote miwili iongoze ubao.

Lakini tuseme mtu ameuza kahawa yake, fedha ziko mkononi, naye ana ada ya mtoto ya kulipa mwezi ujao. Anaonyeshwa mashine iliyokwisha kutumika, iliyotoka ng'ambo, inang'aa, na bei yake ni ya kuvutia. Kabla hajatoa hata shilingi, na ainame asome kibandiko kilicho ubavuni. Umeme wa Tanzania ni volti 230, na mizunguko yake ni 50 kwa sekunde, ambayo huandikwa 50 Hz. Kibandiko kikisema 120 V na 60 Hz, mashine hiyo ilitengenezwa kwa umeme wa Marekani. Akiichomeka ukutani kwake moja kwa moja, mota yaweza kuungua kabla hajakata herufi moja, na fedha za ada zitakuwa zimekwenda na moshi. Tarakimu hizo mbili, 230 na 50, ziandikeni katika jalada la daftari zenu. Zinafaa kwa mashine zote, si hii tu.

Akiisha kuhakikisha hilo, na atazame mikono ya mashine ikiwa inatikisika upande, na aulize kama bledi zinazopatikana madukani Kayanga au Bukoba zinaingia humo. Mashine isiyopatikana bledi zake ni pambo la kabatini. Kwa maoni yangu, mtu aanze na msumeno wa mkono. Akimaliza herufi zote bila kuvunja bledi nyingi, atakuwa amekwisha kujua mashine ya namna gani inamfaa, au kama anaihitaji.

Anayetumia umeme na achomoe waya ukutani kabla ya kubadili bledi, kila mara, hata kama mashine imezimwa. Vidole visikae katika mstari wa mbele ya bledi, vikae pembeni. Mikono mirefu ya nguo ikunjwe, na ncha za kanga zifungwe. Miwani ya kukinga macho ivaliwe, maana bledi ikikatika kipande huruka.

Habari ya mbao. Kwa anayeanza, plaiwudi ni nzuri kwa kuwa haipasuki kwa kufuata nyuzi. Msindano ni laini, ila utomvu wake huziba meno. Muhumula, ule mti tunaouona katika mashamba ya kahawa, ni mwepesi na hukatika vizuri ukikauka. Mgrivea hupendeza kwa madoa yake. Mkaratusi ni mgumu na hupasuka. Uacheni kwa sasa. Mninga na mvule ni mbao za thamani, basi vipande vidogo vinavyobaki kwa seremala vyatosha. Mbao ngumu zinataka bledi kali na mwendo wa polepole. Sugueni nta ya nyuki kidogo kwenye bledi, joto litapungua. Mkiona moshi, au alama nyeusi ukingoni, au msumeno umeanza kudai nguvu, bledi imekwisha. Ibadilisheni. Kuibana matumizi bledi butu ni hasara, kwa sababu huharibu ubao wenye bei kuliko bledi yenyewe.

Vumbi la mbao lisidharauliwe. Mwaka 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliweka vumbi la mbao katika orodha ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, hasa ya puani. Vumbi la mvule na la mgrivea huwawasha watu wengine ngozi. Kateni nje, penye upepo, na mfunike pua na mdomo kwa barakoa. Msipulize vumbi kwa kinywa huku uso umeinama juu yake. Lifagieni kwa brashi. Watoto wachanga wasiketi karibu.

Mkiisha kukata, herufi zitakuwa na nyuzinyuzi ukingoni. Hapo ndipo msasa unapoingia, na msasa nao una namba. Angalieni sana. Tulisema kwamba katika bledi namba ikipanda, meno huwa makubwa. Katika msasa ni kinyume: namba 80 inakwaruza sana, 120 ni ya kati, 180 ni laini. Anzeni na ndogo, mmalizie na kubwa. Mwalimu, andika bledi upande mmoja wa ubao na msasa upande wa pili, wanafunzi waione tofauti.

(Kimya kidogo. Wanafunzi waandike.)

Herufi zitakazochezewa na watoto zisipakwe rangi yoyote tu, kwa sababu rangi yenye madini ya risasi hudhuru ubongo wa mtoto, naye mtoto hutia kila kitu mdomoni. Kama pakiti haisemi waziwazi kwamba haina risasi, tumieni nta ya nyuki iliyosuguliwa kwa kitambaa. Harufu yake ni nzuri pia.

Kazi ya juma hili ni hii. Kila kikundi kipate bledi moja, kihesabu meno yake katika inchi 1, kiandike jibu. Kisha kipime unene wa ubao wake, kifanye hesabu ya meno, kiamue vipande vingapi viwekwe pamoja. Baada ya hapo kikate H kwanza, halafu C, na mwisho O. Tundu la O litobolewe karibu na mstari wa ndani, si juu ya mstari. Zile zilizovunjika msizitupe. Mwalimu aziweke katika kopo pamoja na bledi zilizokatika, na juma lijalo tutaanza kwa kuzitazama hizo, tuone kila bledi ilikatikia wapi na kwa nini.

Muda wetu umekwisha. Kwaherini.